Sura ya Tano: Toba ya Viwanda katika Ziwa Onondaga

Wanavyuoni wa pwani yetu wamefundisha tangu kale kwamba toba haitimii kwa ulimi peke yake. Aliyekosa hutakiwa kwanza aliache kosa lake, kisha alijutie na kuazimia kutolirejea, na ikiwa kosa hilo limeigusa haki ya kiumbe mwingine, hutakiwa airudishe haki hiyo kwa mwenyewe au aitafute radhi yake. Katika masharti haya la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa kuacha humgharimu mtu mazoea yake na kujuta humgharimu usingizi wake, lakini kurudisha humgharimu mali. Nimeyatanguliza maneno haya kwa sababu habari ya sura hii ni ya ziwa moja la Marekani lililoharibiwa na viwanda kwa muda wa karne nzima, kisha likasafishwa kwa mamia ya mamilioni ya dola, na sioni mizani iliyo bora ya kuupimia usafi huo kuliko ile ambayo wazee wetu walimpimia mja anayetaka kurejea katika njia iliyonyoka.

Ziwa hilo huitwa Onondaga. Liko katikati ya jimbo la New York, kando ya mji wa Syracuse, na urefu wake haufiki maili tano wala upana wake hauzidi sana maili moja, hata mtu aliyelelewa kando ya Ziwa Viktoria au Tanganyika angeweza kulidhania kuwa ni ghuba tu ya ziwa jingine lililo kubwa. Walakini udogo wa umbo si udogo wa daraja. Kwa mapokeo ya watu wa taifa la Onondaga, ambao ndio waliolipa ziwa jina, ni kwenye fuo zake ndipo mjumbe aitwaye Mleta Amani, akisaidiwa na Hiawatha, alipoyapatanisha mataifa matano yaliyokuwa yakimwagiana damu, nayo ni Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga na Seneca, akaulainisha hata moyo mgumu wa Tadodaho aliyekuwa akiipinga suluhu, na mataifa hayo yakazika silaha zao na kufungamana kwa Sheria Kuu ya Amani. Muungano wao, uitwao Haudenosaunee, ungali hai, na Onondaga wangali walinzi wa moto wa baraza lake. Kwao ziwa hili ni mahali patakatifu, na anayetaka kuelewa uzito wa yaliyofuata hana budi kuliweka jambo hilo mbele ya macho yake.

Mwaka 1654 padre wa Kijesuti, Simon Le Moyne, alifika huko na kuonyeshwa chemchemi za maji ya chumvi. Chumvi hiyo ndiyo iliyowavuta wageni. Baada ya Marekani kujitawala, jimbo la New York lilijitwalia sehemu kubwa kabisa ya ardhi ya Onondaga kwa mikataba ambayo wenyewe wanaikana mpaka leo, chumvi ikaanza kupikwa kwa wingi, mwaka 1822 maji ya ziwa yakashushwa ili vinamasi vya kando vikauke, na ulipomalizika Mfereji wa Erie mwaka 1825, bidhaa ikapata njia nyepesi ya kwenda sokoni, hata Syracuse ikapewa lakabu ya Mji wa Chumvi. Ziwa lenyewe lilikuwa bado lina afya ya kutosha. Katika miaka ya mwisho wa karne ya 19 palikuwa na hoteli na bustani za starehe kwenye fuo zake, na samaki wake weupe walisifiwa katika meza za mikahawa.

Hapo ndipo yalipoingia magadi. Msomaji wa Afrika Mashariki anayajua magadi tangu jikoni kwa mama yake, na huenda anajua pia kuwa katika Bonde la Ufa, nchini Kenya, Mwenyezi Mungu ameyatandaza juu ya uso wa Ziwa Magadi, ambako kampuni iliyoundwa mwaka 1911 ilikwenda kuyavuna. Watu wa Syracuse hawakuwa na magadi ya asili. Walikuwa na chumvi na mawe ya chokaa, na Mbelgiji mmoja, Ernest Solvay, alikwisha kubuni njia ya kuvigeuza vitu hivyo viwili kuwa magadi kwa msaada wa amonia. William Cogswell na Rowland Hazard walipata idhini ya kuitumia njia hiyo, wakaunda Kampuni ya Solvay mwaka 1881, na mwaka 1884 kiwanda chao kilichojengwa kando ya ziwa kikatoa magadi ya kwanza, yaliyohitajiwa na watengenezaji wa kioo, sabuni na karatasi. Maji ya chumvi yaliletwa kwa mabomba kutoka Bonde la Tully, upande wa kusini, ambako visima vilichimbwa na maji yakashindiliwa ardhini ili yaiyeyushe chumvi iliyolala chini ya miamba.

Njia ya Solvay ina aibu moja isiyofichika: kwa kila tani ya magadi hubaki zaidi ya tani moja ya chumvi ya kalsiamu isiyo na mnunuzi wa kutosha, pamoja na chokaa na mchanga. Taka hizo zilimwagwa ziwani, na ziwa lilipokuwa halitoshi zikarundikwa kando yake katika madimbwi yenye kuta za udongo, hata vikazuka vilima vyeupe visivyoota jani. Mwaka 1943 ukuta wa dimbwi mojawapo ulipasuka, na tope jeupe likafurika katika makazi ya watu wa Lakeland. Kufikia wakati huo ziwa lilikuwa limekwisha kupoteza neema zake moja baada ya nyingine: samaki weupe walitoweka kabla ya karne ya 19 kwisha, mwaka 1901 ilipigwa marufuku kuvuna barafu yake kwa matumizi ya watu, na mwaka 1940 ikapigwa marufuku kuogelea ndani yake.

Msiba ulio mkubwa zaidi ulikuja bila ya rangi wala harufu. Mwaka 1946 kampuni ya Allied Chemical, ambayo Solvay ilikuwa imeingizwa ndani yake, ilianza kutengeneza klorini kwa kupitisha umeme katika maji ya chumvi juu ya zebaki. Zebaki katika kazi hiyo ni chombo, haitakiwi kupungua, lakini ilipungua, na ilipopungua ilikwenda na maji ya taka mpaka ziwani. Kwa hisabu ya serikali, kati ya mwaka huo na mwaka 1970 ratili 165,000 hivi za zebaki ziliingia katika Ziwa Onondaga. Zebaki ikisha kutuama katika tope lisilo na hewa, vijidudu huigeuza ikawa sumu ya namna nyingine, yenye kupenya katika miili ya viumbe na kukaa humo, na kutoka kwa kijimea huingia katika kidagaa, na kutoka kwa kidagaa huingia katika samaki mkubwa, ikizidi kila daraja, hata samaki aliye juu ya wote anakuwa na sumu nyingi kupita kiasi ya maji anamoogelea. Ulimwengu ulikuwa umekwisha kuonywa na balaa la Minamata, nchini Japani, ambako ugonjwa wa walaji wa samaki wenye zebaki ulitangazwa rasmi mwaka 1956. Katika Onondaga uvuvi ulipigwa marufuku mwaka 1970.

Itakuwa dhuluma kukitwisha kiwanda mzigo wote, maana mji nao haukuwa na mikono safi. Maji taka ya Syracuse yaliingia ziwani kwa miongo mingi, mengine yakiwa hayajasafishwa kabisa, kwa sababu mifereji ya zamani ya mji ilichanganya maji ya mvua na maji ya vyoo, na kila mvua kubwa iliponyesha mifereji ikafurika na kumwaga vyote mitoni. Amonia iliyomo katika maji hayo iliwaua samaki wachanga, na fosforasi ikavirutubisha vijimea vya kijani vya majini, ambavyo vilipokufa na kuoza viliimaliza oksijeni yote ya maji ya chini wakati wa kiangazi. Kwa hiyo ziwa lilikuwa na maradhi matatu kwa pamoja, yaani chumvi, zebaki na uchafu wa mji, na kila maradhi yalikuwa yakiyasaidia mengine.

Sharti la kwanza la toba, yaani kuacha, lilitimizwa kwa kulazimishwa. Mwaka 1970 serikali ya shirikisho iliishitaki Allied Chemical ili izuiwe kumwaga zebaki, na kiasi kilichokuwa kikimwagwa kikashuka mno. Kiwanda cha magadi chenyewe kilifungwa mwaka 1986, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa biashara: huko Wyoming, magharibi ya Marekani, yalikwisha kugunduliwa magadi ya asili mengi yasiyo na kifani, na magadi ya kutengenezwa hayakuweza kushindana nayo kwa bei. Chumvi ya ziwa ilianza kupungua karibu papo hapo, kwa kuwa maji ya Onondaga hubadilika yote mara nne hivi kwa mwaka, yakiingia kwa vijito na kutoka kwa mto wa Seneca. Lakini zebaki haikutoka pamoja na maji. Ililala katika tope, pamoja na mafuta na sumu nyingine za viwanda vya jirani, ikingoja.

Sharti la pili, yaani majuto, ambayo kwa kiwanda hupimwa kwa kutengeneza kilichoharibika, lilichukua muda mrefu kuliko ujana wa mtu. Jimbo la New York lilikwenda mahakamani mwaka 1989 kuitaka kampuni ilipe. Mwaka 1994 ziwa likaingizwa katika orodha ya serikali ya shirikisho ya mahali palipoharibiwa vibaya kuliko pote nchini. Mwaka 1999 kampuni ikaungana na nyingine na kuchukua jina la Honeywell, ikarithi deni pamoja na mali. Na mwaka 2005 serikali ikatoa uamuzi wa namna ya kusafisha, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa dola 451,000,000. Miaka kumi na sita ilipita kati ya mashtaka na uamuzi. Wala kazi haikuanza kwa kuligusa tope: kwanza ilibidi kusimamisha ukuta wa chuma chini ya ardhi kando ya fuo zilizooza, ili maji ya ardhini yenye sumu yasiendelee kuvuja ziwani, bali yavutwe na kusafishwa. Hekima ya mpango huo ni dhahiri, kwani haina maana kumtoa mtu uchafu ilhali bomba la uchafu lingali juu ya kichwa chake.

Kisha, kuanzia mwaka 2012 mpaka mwaka 2014, mashine za kunyonya ziliyachota matope ya ziwani, yapata yadi za ujazo 2,200,000, zikayasukuma kwa bomba refu mpaka Camillus, kwenye mojawapo ya yale madimbwi ya kale ya taka za magadi, yakatiwa katika mifuko mirefu ya kitambaa kigumu inayochuja maji na kubakisha udongo. Watu wa Camillus waliilalamikia harufu, na malalamiko yao yalikuwa ya haki, maana sumu haiondolewi duniani kwa kuhamishwa. Huhamia tu kwa jirani mwingine, na jirani huyo naye ana pua na watoto. Palipochotwa na pasipochotwa, jumla ya ekari 475 hivi za sakafu ya ziwa zilifunikwa kwa mchanga, changarawe na makaa maalumu yenye kunasa sumu, na kazi hiyo ya kufunika ikakamilika mwaka 2016. Kwenye fuo na vinamasi ilipandwa mimea ya asili zaidi ya milioni moja.

Mji nao ulitimiza sehemu yake baada ya kushitakiwa na jumuiya ya raia iitwayo Atlantic States Legal Foundation, na mwaka 1998 ilifungwa ahadi ya kimahakama iliyoilazimisha wilaya ya Onondaga kukitengeneza upya kiwanda chake cha kusafishia maji taka. Kuanzia mwaka 2004 kiwanda hicho kiliweza kuigeuza amonia kuwa naitreti majira yote ya mwaka, na mwaka uliofuata kikaanza kuipunguza fosforasi kwa kiasi kikubwa. Tena mwaka 2009 wilaya ilibadili shauri la kujenga viwanda zaidi vya maji taka, ikaamua kuyazuia maji ya mvua yasiingie mifereji tangu mwanzo, kwa kupanda miti, kutengeneza bustani za kunywa mvua, kuweka sakafu zinazopenyeza maji na kuotesha majani juu ya mapaa.

Hapa pana ibra ambayo sikupata kuiona mfano wake kwa uzuri katika habari za maziwa. Wataalamu waliokuwa wakilipima ziwa waliona kwamba tangu naitreti ya kiwanda cha maji taka ilipozidi, ile zebaki ya sumu kali katika maji ya chini ilipungua, kwa sababu vijidudu vya topeni, vikikosa oksijeni lakini vikapata naitreti, huitumia hiyo, na ile kazi yao nyingine ya kuizalisha sumu hupungua. Dawa ya maradhi ya mji ikawa imeyagusa maradhi ya kiwanda bila ya mtu kukusudia. Tangu mwaka 2011 naitreti imekuwa ikipelekwa kwa makusudi katika vilindi vya ziwa wakati wa kiangazi, kwa chombo kinachozunguka juu ya maji na kuishusha kwa mpira mpaka karibu na tope. Jambo hili halikufunuliwa kwa kubahatisha. Lilifunuliwa na watu waliokuwa wakienda ziwani kupima mwaka baada ya mwaka, katika miaka ambayo hapakuwa na habari njema ya kuandika. Nchi isiyopima maji yake haiwezi kuyatibu, na pesa itolewayo kwa wapimaji ni sehemu ya tiba.

Matunda yameonekana. Maji yamekuwa maangavu, oksijeni imerudi kwa kiasi katika maji ya chini, samaki wa jamii nyingi wamerejea, na wakati wa baridi tai wenye vichwa vyeupe hukusanyika kwenye miti ya ukingoni, mbele ya mji, wakivua. Hata hivyo idara ya afya ya jimbo ingali inawaonya watu wapunguze au waepuke kabisa kula baadhi ya samaki wa ziwa hili, na onyo hilo ni zito zaidi kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa na kwa watoto. Ziwa limepona kwa macho kabla ya kupona kwa meza.

Lililobaki ni sharti la tatu, yaani haki ya wenyewe. Mwaka 2005, mwaka ule ule wa uamuzi wa kusafisha, taifa la Onondaga lilikwenda katika mahakama ya shirikisho kutaka itamkwe kwamba ardhi yake ilitwaliwa kinyume cha sheria na mikataba, na kwamba ziwa lisafishwe kikamilifu. Na katika madai hayo walieleza kuwa hawakusudii kumfukuza mtu yeyote nyumbani kwake. Mahakama iliyatupa madai mwaka 2010 kwa hoja ya kuwa muda mrefu umepita, na Mahakama Kuu ya nchi ikakataa kuyasikiliza mwaka 2013, hata wakalipeleka shauri lao kwa Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika. Kuhusu ziwa wenyewe wamesema wazi kwamba kufunika si kusafisha, kwa sababu sumu iliyozikwa chini ya mchanga ingali ziwani, na ulinzi wa mchanga huo umewekwa juu ya mabega ya watu ambao hawajazaliwa. Mimi naona hoja yao ina nguvu. Wahandisi wanaweza kujibu kwamba kuchota tope lote kungeweza kuitibua sumu na kuharibu zaidi, na jibu hilo halikosi maana. Lakini mwenye haki ya kusema ni hatari gani ataichukua ni yule ambaye maji ni yake, naye hakuwa ndiye mwamuzi.

Lipo tendo moja linaloielekea haki. Mwaka 2022 serikali ya shirikisho na ya jimbo zilitangaza kwamba, kama sehemu ya fidia inayodaiwa kwa Honeywell, zaidi ya ekari 1,000 za ardhi katika Bonde la Tully, kwenye chimbuko la kijito cha Onondaga kinachoingia ziwani, zitarudishwa katika miliki ya taifa la Onondaga. Ni bonde lile lile ambalo chumvi yake iliyeyushwa kwa ajili ya kiwanda. Ardhi hiyo ni chembe ya ile iliyotwaliwa, na ziwa lenyewe halimo katika tangazo hilo. Lakini ni mara chache sana katika historia ya Marekani ardhi kurudi kwa wenyewe kwa njia kama hii, na anayependa insafu hana budi kulikiri jema linapotendeka, kisha adai lililosalia.

Sasa nageukia kwetu, kwa kuwa habari ya mbali isiyomrudisha msomaji nyumbani ni hadithi tu. Zebaki ile ile ndiyo ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia kuinasa dhahabu katika nchi zilizolizunguka Ziwa Viktoria, wakiichoma mahali pa wazi na kuyamwaga mabaki yake yakaelekea vijitoni. Mkataba wa Minamata, uliofungwa nchini Japani mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, umewekwa ili kuikomesha hatari hiyo, na wachimbaji wanahitaji kusaidiwa wapate njia nyingine kabla ya kulaumiwa. Na tufikiri jambo hili: Onondaga ni ziwa dogo, maji yake hubadilika mara nne kwa mwaka, na lilikuwa ndani ya nchi tajiri yenye mahakama, wataalamu na kampuni iliyoweza kushikwa na kulipa, pamoja na hayo yote, tangu marufuku ya uvuvi mpaka kumalizika kwa kufunika tope ilipita miaka 46. Maji ya Ziwa Viktoria hukaa miaka mingi mno kabla hayajatoka kwa mto Nile, na mamilioni ya watu wanakula samaki wake kila siku. Ziwa letu likifikia hali ile, hapana hazina katika Afrika Mashariki itakayotosha kuligharimia, wala hapana umri wa mtu utakaotosha kungoja.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kuacha peke yake hakutoshi, kusafisha peke yake hakutoshi, na malipo yanayofanyika bila ya kuwauliza wenye maji ni nusu ya malipo. Kila serikali inayoombwa idhini ya kujenga kiwanda kando ya ziwa, mto au bahari na imwulize mwombaji mambo matatu kabla ya kutia muhuri: taka zako zitakwenda wapi, nani atazitoa na kwa mali ya nani, na watu waliokuwa hapa kabla yako wamesema nini? Kiwanda kisicho na majibu ya maswali hayo kisijengwe.